Dirisha la Tatu Kutoka Kushoto

Kwa furaha isiyo kifani, Chuo Kitukufu cha Fethiye cha Maafisa wa Manowari kiliutangazia mji mzima wa Istanbul kwamba mwaka ule pia, kama miaka yote iliyotangulia, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyezama. Tangazo halikusema kama kuna aliyeingia majini. Hilo hakuna aliyeliuliza.

Ubaya wa meli unajulikana. Meli ikisogea, mizinga nayo husogea, na mizinga ikisogea hakuna ajuaye itaishia kumtazama nani. Sultani wetu, Mungu amzidishie usingizi mwema, alilifikiria jambo hilo akaona heri manowari zote zifungwe minyororo katika hori ya Haliç, zilinde bahari kwa kuikodolea macho. Mabaharia hawakukaa bure. Kwenye sitaha ya manowari Zaferi walipanda vitunguu na mabilinganya, na kuku wakapata mahali pa kutagia ndani ya midomo ya mizinga, mahali pakavu pasipo upepo.

Masomo yaliendelea kwa ari ile ile. Kuogelea kulifundishwa juu ya mabenchi, kifudifudi. Uongozaji wa meli ulifanyikia uwanjani, ndani ya kamba iliyolazwa majanini kwa umbo la manowari. Aliyekanyaga nje ya kamba alihesabiwa kuwa amelowa, akanyimwa pilau.

Historia ya manowari ilikuwa mikononi mwa Zihni Efendi, luteni mpole mwenye miwani, ambaye alikuwa na kipaji. Yeye ndiye aliyeandika kwamba kule Navarino, palipozamishwa manowari zetu, wanamaji wetu walishuka kukagua sakafu ya bahari, na kwamba ukaguzi ungali unaendelea. Wizara iliusifu mstari huo kwa uangalifu wake.

Majira ya kuchipua yalipoingia, mkuu wa chuo, Admirali Ruknettin Pasha, alimwita ofisini. Pasha alikuwa mtu wa kitambi na medali, na cheo cha uadmirali alikipata zamani, siku ya kutahiriwa kwake, zawadi kutoka kwa marafiki wa baba yake. Mezani palikuwa na Historia mpya iliyokuwa inaandaliwa kwa mtihani wa mdomo, ambao mwaka ule ungesikilizwa na mjumbe wa ikulu mwenyewe.

"Umeandika kwamba nimekiongoza chuo kwa busara," alisema Pasha. "Mimi ni admirali. Bahari iko wapi?"

"Afande, kwa kuwa Pasha hakuwahi…"

"Nimekuuliza bahari iko wapi. Sikukuuliza mimi nilikuwa wapi."

Pasha akaangalia nje ya dirisha, akasema kwa upole, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba Fezan wanahitaji mwalimu wa mambo ya bahari.

Fezan iko jangwani, nyuma kabisa ya Tripoli. Unaweza kutembea hata mwezi usikute maji ya kufulia leso. Wote waliowaudhi wakubwa walipelekwa huko, na waliorudi hawakuwa na hamu ya kusimulia. Zihni aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Mkewe, Seniha, alikuwa mjamzito baada ya miaka tisa ya dua na dawa za mizizi, na mkunga alikuwa amesema mtoto atakuja pamoja na baridi. Zihni alitaka kuwapo amsikie analia. Hilo tu.

Basi akaketi akaandika dhoruba. Pasha akaisoma, akasema dhoruba hii hata mvuvi angeivuka, ongeza. Zihni akaongeza radi na nyangumi. Mlango wa tisa wa kitabu ukakolea: mlingoti umevunjika, mabaharia wote wamelala chali wanaomba toba, naye Pasha peke yake amesimama usukani, anakula sahani mbili za maharage ya mafuta, hatapiki.

Seniha alisomewa mlango huo akiwa ameegemea mito, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Pasha huyu huyu? Si ndiye anayefumba macho kwenye kivuko cha Üsküdar, ameshikilia mkono wa muuza mikate ya simiti?"

"Huyo huyo."

"Maskini nyangumi," alisema Seniha.

Pasha alitaka zaidi. Alitaka vita, na alitaka vipiganwe usiku ili ushujaa uonekane. Zihni akaandika kwamba Pasha alipiga ngome ya adui kwa kombora moja tu. Pasha akakunja uso. Ngome hupigwa na kila mtu, alisema. Ngome ni kubwa, hata ukikosea unaipata. Weka ikulu. Na ndani ya ikulu weka dirisha moja, umbali wa maili mbili, ili mtu asikie shabaha ilivyokuwa. Zihni akashika kalamu, akauliza kwa heshima kama Pasha ana uhakika na neno ikulu. Pasha akamuuliza kama yeye ana uhakika na hali ya hewa ya Fezan. Ikaandikwa ikulu. Pasha akasoma kila ukurasa, akapiga muhuri wake, akaamuru wanafunzi wakariri.

Siku ya mtihani uwanja ulipambwa. Kamuran Bey, mjumbe wa ikulu, aliwekewa kiti kivulini karibu na maji, na kahawa mkononi. Alikuwa mtu mwembamba asiyesema sana. Kazi yake ikulu ilikuwa kusikia, na inasemekana aliifanya vizuri.

Akaitwa Dursun wa Trabzon, kijana wa miraba minne mwenye masharubu, bingwa wa kukariri. Aliipita Navarino bila kujikwaa. Akaimaliza dhoruba na maharage yake. Pasha akapapasa medali zake. Kisha Dursun akavuta pumzi, akaanza vita vya usiku, akakifikisha kile kikombora kwenye ikulu ya adui na kukiingiza dirishani.

Kikombe cha Kamuran Bey kikaishia hewani.

"Dirisha lipi?" aliuliza.

"La tatu kutoka kushoto, afande."

"La chumba gani?"

"Cha kulala, afande. Taa ilizimika, pazia halikuungua."

Kamuran Bey akageuza shingo polepole. Aliitazama Zaferi, iliyofungwa pale pale mbele yao na vitunguu vyake. Kisha akatazama mbali, kilimani, ambako paa la ikulu yetu lilichungulia juu ya miti. Alionekana anahesabu madirisha.

Zihni alimtazama Pasha, akitumaini angalau angekohoa. Lakini Pasha alikuwa ameshalewa sifa. Alinyoosha fimbo yake ya fedha kuelekea kilimani, akajipalia makaa mwenyewe.

"Hilo si kitu, Bey wangu. Hata kutoka hapa ningeweza."

"Kutoka hapa?" Kamuran Bey aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapa hapa. Macho yamefumbwa."

Kamuran Bey akamaliza kahawa yake, akashukuru kwa mapokezi, akaondoka kabla ya pilau.

Wiki haikwisha, akarudi na amri. Ruknettin Pasha alikuwa amepandishwa cheo kwa ushujaa wake. Sasa alikuwa Admirali Mkuu wa Maji Yote ya Fezan, na alitakiwa kuondoka na meli ya kwanza. Zihni aliitwa ofisini kushuhudia. Pasha alikuwa amekaa, kofia imekwenda upande, anaongea mfululizo. Alisema yote yale yalitiwa chumvi. Alisema hajawahi kufyatua hata fataki. Alisema bahari yenyewe humtisha, muulizeni muuza simiti.

"Unyenyekevu," alisema Kamuran Bey, akitikisa kichwa kwa masikitiko. "Wanyenyekevu ndio wa kuogopwa zaidi."

"Bey wangu, mizinga ile ina kuku ndani!"

"Kuficha mizinga kwa kuku. Hilo hata kitabuni halimo." Akamgeukia Zihni. "Mwalimu, wewe ndiwe uliyeandika. Historia hii ni ya kweli?"

Pasha alimtazama Zihni kwa macho ya mtoto aliyepotea sokoni. Zihni alijua kwamba akisema ni uongo, safari ya Fezan ingekuwa ya watu wawili. Akamfikiria Seniha juu ya mito yake. Akaamua kusema kweli, ile iliyokuwa karibu.

"Bey, kila neno Pasha alilisoma mwenyewe, na muhuri ni wake. Mimi nilikuwa nimeandika ngome."

"Basi," alisema Kamuran Bey.

Walimsindikiza Pasha kwa heshima zote. Bendi ilipiga, wanafunzi walisimama kwa mistari ndani ya kamba yao, wakiangalia wasikanyage nje. Ukingoni mwa gati meli ya Tripoli ilikuwa inayumba kidogo tu, kiasi cha kumtingisha paka, na Pasha alikuwa ameshabadilika rangi hata kabla ya kuweka mguu ngazini. Alimshika Zihni mkono wa koti akamvuta kando, mbali na Kamuran Bey.

"Zihni, mwanangu," alinong'ona, "niambie kweli. Mtu akianza kutapika baharini, huchukua muda gani kuacha?"

Zihni Efendi akapiga saluti, akainama kwa adabu mpaka miwani ikamteleza.

"Mlango wa tisa, Pasha," akasema. "Wewe hutapiki."