Kuku Hana Tatizo

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, kuku mwekundu alitolewa tone moja la damu chini ya bawa. Hakulalamika. Lilikuwa tone la tisa mwezi huo, na alikwisha kuizoea sayansi.

Aliyemtoa damu aliitwa Profesa, cheo alichojitunukia baada ya kuacha kuuza makava ya simu. Chuo chake kilikuwa chumba nyuma ya duka la fotokopi. Vifaa vyake vilikuwa hadubini ya mtumba, ya aina ambayo wazazi wenye matumaini huwanunulia watoto, simu iliyofungwa kwa mpira juu ya lenzi, na runinga ya kuonyeshea picha. Kwa haki, kazi ya mikono aliijua. Aliweka tone juu ya kipande cha kioo, akalisukuma kwa ukingo wa kioo cha pili mpaka damu ikatandazika kama ulimi mwembamba, akaiacha ikauke, akaimwagia spiriti, kisha rangi ya zambarau kwa dakika kumi, akasuuza. Hatua moja tu aliiruka kila siku: kuichuja rangi. Aliona ni kupoteza muda, na hakuna mteja aliyewahi kuuliza.

Biashara yote ilisimama juu ya jambo moja dogo. Chembe nyekundu za damu ya mtu hazina kiini. Za kuku zinacho. Ukizipaka rangi, za kuku hutokea kila moja na doa la zambarau katikati, kama jicho. Kila mteja alichomwa kidole, damu yake ikapakwa rangi mbele yake kwa heshima zote, halafu kioo chake kikaishia mfukoni mwa koti na cha kuku kikapanda kwenye hadubini.

Fursa ya wiki hiyo ilikuwa mwenye duka la saruji na misumari. Profesa alimsikia kwa kinyozi akilalamika kwamba anachoka. Mtu huyu alikaa kwenye kiti kutwa nzima, na aliinuka kwa ajili ya chakula tu, lakini uchovu hauchagui.

Saa nne na dakika kumi alifika, akiwa na dada yake mkubwa, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Jioni unachoka, mzee?" Profesa aliuliza.

"Sana."

"Ukiamka mdomo umekauka?"

"Umekauka."

"Na ukisimama ghafla, kizunguzungu kidogo?"

Mwenye duka akamgeukia dada yake. "Unasikia? Na hata hajanigusa."

Kidole kikachomwa, vioo vikabadilishana nafasi, runinga ikajaa macho ya zambarau.

"Hawa wote ni wadudu," Profesa alisema kwa huzuni ya kitaalamu. "Wanakutazama." Akabadilisha picha. Zikaja chembe za mviringo, za waridi, tupu. "Na huyu ni mteja aliyemaliza chupa sita za dawa yangu."

Hakuwa mteja. Ilikuwa damu ya Profesa mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuitoa bure.

Dada akaisogelea runinga. "Hiyo ya pili ni ya nani, mwanangu?"

"Siri ya mteja, mama."

"Msamehe," mwenye duka akasema. "Alifanya kazi hospitali miaka thelathini na moja."

Profesa akaganda. "Jikoni?"

"Mlango wa pili kutoka jikoni," dada akajibu.

Profesa akapumua. Uani kuku akalia. Profesa akakohoa kwa nguvu kumzidi.

Mwenye duka alilipia chupa sita papo hapo, na kwa kuwa mgonjwa naye ni mfanyabiashara, akawaza mbali zaidi. "Profesa, huku nyuma nani anakuona? Chumba cha mbele nyumbani kwangu kinatazama barabara. Tugawane."

"Kina mtu?"

"Anakaa dada huyu hapa. Ijumaa kitakuwa wazi."

Ndivyo dada alivyopata taarifa ya kuhama kwake.

Njiani alisema, "Mdogo wangu, ile ni damu ya kuku."

"Dada, ungesema hivyo kama chumba kingekuwa cha mtu mwingine?"

"Ningesema."

"Sayansi imeenda mbele. Wewe umestaafu."

"Mimi nimestaafu. Kuku bado yuko kazini."

Miaka thelathini na moja ya kupaka rangi damu za watu ilikuwa imemfundisha dada kutobishana na mtu anayeweza kuonyeshwa.

Jumatano, saa tatu asubuhi, alirudi kwa Profesa peke yake na kuomba kutazama. Alishika gurudumu dogo la hadubini kwa vidole viwili, bila kulitafuta. Profesa aliliona hilo, akachelewa kulielewa.

"Kuku wako hana tatizo," dada alisema. "Ni mzima kabisa."

Profesa akafunga mlango. "Mama, tuongee kama watu wazima. Nikikukatia fungu..."

Dada alikuwa amekwisha kupandisha kioo cha pili, kile cha chembe tupu. Alizungusha gurudumu mbele na nyuma. "Huyu ndiye simwelewi. Madoa meusi haya. Hapa. Na hapa tena."

"Madoa gani?"

"Mwenye damu hii, jioni anachoka?"

Profesa akafikiri. "Kiasi."

"Akiamka mdomo umekauka?"

"Umekauka."

"Na akisimama ghafla?"

Profesa alikuwa amesimama. Akakaa.

Maswali hayo alikwisha kuwauliza watu mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyejibu hapana. Jambo hilo lilipaswa kumwambia kitu.

"Ni nini, mama?"

"Kitu ambacho sijakithibitisha sikitaji jina. Lakini ningekuwa wewe, ningeondoka mjini hapa leo. Nenda hospitali ya rufaa, waonyeshe picha."

"Na vifaa vyangu?"

"Hadubini iache kwangu niendelee kutazama. Na kuku. Nani atamlisha?"

Profesa akaongeza mezani pesa za chupa sita bila kuombwa, maana hofu nayo ina uaminifu wake. Ieleweke kwamba katika mazungumzo yote dada hakusema neno moja la uongo. Madoa yalikuwepo.

Alhamisi alasiri, mtaalamu wa maabara ya rufaa alimrudishia Profesa karatasi. "Damu safi."

"Na haya?" Profesa akamwonyesha picha.

Mtaalamu akacheka. "Huu ni uchafu wa rangi. Aliyepaka hakuichuja. Yule mama aliyetufundisha, mwenye miwani ya uzi, angekutoa nje."

Saa kumi kamili Profesa alipiga simu kwa mwenye duka. Ilipokewa na dada, akiwa chumba cha mbele.

"Majibu?"

"Safi."

"Nilidhani hivyo. Siku nyingine chuja rangi."

"Mama, hadubini yangu."

"Njoo uichukue. Leo asubuhi nimempakia mdogo wangu rangi kwenye damu yake na ya kuku, akaziangalia zote mbili mwenyewe. Sasa amekaa hapa mlangoni anakusubiri. Ameshika nyundo ya dukani. Ya nini, sijathibitisha."

Simu ilikatwa saa kumi na dakika mbili. Haikukatwa upande wa chumba cha mbele.