Samaki Waliokufa kwa Shangazi

Injinia hakuwahi kujenga kitu chochote maishani mwake isipokuwa hoja. Cheo alijipa mwenyewe siku alipookota kofia ngumu ya njano kando ya barabara. Aliivaa, akajitazama kwenye kioo cha gari la watu, akaona imemkaa. Tangu hapo amekuwa injinia wa mabomba, wa nyuki, wa antena, na mwezi mmoja mbaya, wa mvua.

Siku moja alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, shavu moja limenyolewa, jingine bado lina povu, kinyozi naye anamwaga habari za mtaa.

"Unamjua Shangazi, yule mama aliyestaafu serikalini, aliyejenga nyuma ya soko? Nyumba imekwisha, makochi yameingia, lakini hana raha. Ana ukuta mmoja sebuleni hajui auwekee nini. Anataka kitu ambacho hakuna jirani aliye nacho."

Injinia aliinuka na povu lake. Mtu akisema anataka kitu ambacho jirani hana, huyo amekwisha kufungua mkoba. Kilichobaki ni mkono wa kuingia. Na Injinia, bila kumsingizia, alikuwa na mikono.

Kesho yake alibisha hodi, kofia kichwani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Unauza nini?"

Swali lilimkera kidogo. Yeye hupenda kufika huko kwa kuzunguka. "Siuzi kitu, mama. Nilipita nje nikachungulia dirisha lako, nikasema moyoni: nyumba hii ina kila kitu, imekosa uhai tu. Hebu fikiria tangi la kioo ukuta mzima. Maji safi, mimea inacheza, mapovu yanapanda, na samaki wekundu wanapita kama mabibi harusi. Mgeni akiingia, atasahau hata alichokuja kuomba."

Shangazi, mama mnene mwenye sauti ya upole, aliuliza: "Na wakifa?"

"Kwangu hawafi! Akifa mmoja, nakuletea wawili bure."

Ahadi hiyo hakuombwa; ilimtoka tu, kama chafya. Lakini haikumsumbua, kwani ahadi za Injinia zilikuwa kama moshi wa sigara: akishazitoa, hazifuati.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Tangi alilipata kwa bei ya kutupa kwenye mgahawa uliofungwa. Samaki aliwachukua duka la samaki wa mapambo, kwa mzee mmoja mwenye kipara asiyependa maneno mengi. Mzee huyo alimweleza vizuri: maji ya tangi jipya hayakai samaki siku hiyohiyo. Jaza, washa pampu na chujio, kisha subiri wiki kadhaa hadi maji yakomae, maana uchafu wa samaki huwa sumu kabla chujio halijazoea kuusafisha. Halafu anza na samaki wawili watatu, si kundi.

Injinia alisikiliza kama mwanafunzi mwema, kisha akafanya kinyume chake, neno kwa neno. Samaki anayeishi anamnufaisha nani? Samaki anayekufa ndiye anayemrudisha mtaalamu nyumbani, na chupa ya dawa mkononi. Dawa ilikuwa maji ya bomba yenye rangi ya keki.

Basi akaosha changarawe, akapanda mimea, akajaza maji, akawasha pampu, na saa hiyohiyo akamimina kundi zima la samaki. Shangazi akapiga makofi na kulipa papo hapo. Injinia alikuwa ameshika kitasa cha mlango, yuko tayari kupotea kwa majuma mawili, Shangazi aliposema kwa upole:

"Kaka yangu atafurahi. Ana hoteli anaimalizia, anataka tangi kila chumba. Amesema ataona hili langu kwanza, mwisho wa mwezi."

Mkono wa Injinia ukaganda kwenye kitasa. Kila chumba! Usiku huo hakulala, alihesabu vyumba.

Siku ya tatu simu ikaita. "Injinia, tumepata msiba."

Alifika akijitahidi kuficha furaha. Tangi lilikuwa tupu. Shangazi alimwongoza hadi barazani, kwenye chungu kikubwa cha maua chenye udongo uliofukuliwa karibuni. "Nimewazika hapa wote," alisema, akijifuta jicho. Injinia akavua kofia. Wakasimama kimya, vichwa chini, kwa heshima ya marehemu.

"Nina dawa, Shangazi. Ya buluu. Ukitia matone..."

"Dawa ya nini kwa maiti, mwanangu? Si ulisema wawili kwa mmoja? Kaka yangu amepiga simu leo, nimemwambia nimepata kijana mwaminifu."

Neno hilo, ambalo Injinia hakuwahi kuitwa, lilimlainisha. Akaenda dukani akanunua makundi mawili kwa pesa zake. Kutoa chambo ni sehemu ya uvuvi, alijiambia.

Wiki iliyofuata, msiba mwingine. Safari hii vyungu viwili.

Hakushuku hata kidogo, na hapo ndipo uchungu wa kisa hiki ulipo. Mtu mwingine yeyote mjini angeuliza inakuwaje samaki wote wafe kwa mpigo. Injinia peke yake hakuwa na sababu ya kuuliza, kwa sababu ndiye aliyewapangia kifo. Makundi mawili yakadai manne. Akauza redio, akauza kitanda, akalala kwenye godoro sakafuni akiota hoteli.

Siku ya kununua hayo manne, alikuwa ameinama juu ya beseni la duka alipomwona samaki mmoja mwekundu mwenye mkia uliopasuka kama uma. Alimfahamu. Alishamnunua mara mbili. Aliwahi hata kumsimamia mazishi.

"Mzee, huyu umempata wapi?"

"Huyo? Kuna mama mnene, mpole, huniletea kila wiki, wazima kabisa. Anasema kuna kijana mwenye roho nzuri humpa bure."

"Na ulikuwa unajua ninawapeleka kwa nani?"

Mzee akakuna kipara. "Nilijua nanunua kwa mmoja nauza kwa mwingine. Hili ni duka, kaka, si mahakama."

Injinia alitembea hadi kwa Shangazi huku akipanga matusi yake kwa daraja, madogo mbele, makubwa nyuma. Aliingia bila hodi. Ukuta ulikuwa mtupu. Shangazi alikuwa anakunywa chai na bwana mmoja mwenye masharubu na mabega ya kabati.

"Afadhali umekuja," alisema Shangazi. "Tangi nimemuuzia jirani yangu huyu. Ndiye mkuu wa kituo cha polisi. Nimemweleza mambo yako yote."

Matusi yakarudi tumboni, makubwa yakiwa ya kwanza. "Yote?"

"Wawili kwa mmoja," mkuu alisema, akinyoosha mkono. "Nimeipenda hiyo. Lete kitambulisho. Nitakutunzia hadi nione samaki wangu wanaishi."

Mkuu alipokwenda kuita watu wa kubeba, Injinia alimsogelea Shangazi na kunong'ona, "Na kaka yako mwenye hoteli?"

"Kwetu nimezaliwa peke yangu."

"Ulinijuaje, mama?"

"Mwanangu, nimekaa dirisha la malalamiko hadi nywele zikaota mvi. Mwenye kitu kizuri hungoja aombwe dhamana. Wewe uliitoa mbio. Kunywa chai, itapoa."

Hivyo ndivyo Injinia alivyojikuta sebuleni kwa mkuu wa kituo, magotini, akisugua kioo. Akajaza maji, akawasha pampu na chujio, akakaa. Wiki ikapita. Mkuu akaja akasimama nyuma yake.

"Samaki wako wapi?"

"Mkuu, maji lazima yakomae kwanza. Tukiwatia sasa, watakufa."

"Maji yakomae? Yamekuwa ndizi?"

"Naapa kwa mama yangu aliyenizaa, mkuu. Ni kweli tupu."

Na ilikuwa kweli. Lakini hiyo ilikuwa kazi asiyoizoea. Sauti ilimtetemeka, macho yakamkimbia, jasho likamtoka kama mwizi. Mkuu aliushika mkanda wake. "Mimi nimehoji waongo tangu ukiwa unanyonya. Kesho nataka samaki!"

Injinia akasimama, akavaa kofia ya njano, akarekebisha ukingo wake, na sauti ikamrudia tamu kama zamani.

"Mkuu, nilitaka iwe siri. Samaki wako si wa duka la hapa. Wanatoka mbali, wanakuja kwa ndege. Na ndege yenyewe imeambiwa iende polepole, wasije wakatapika njiani. Wiki tatu, bosi."

Uso wa mkuu ukafunguka. Akamwita mkewe kutoka jikoni.

"Njoo umsikie huyu! Si angesema hivyo tangu mwanzo, badala ya kunidanganya?"