Balbu Iliyowaka Sana

Jumatatu, 4 Machi

Nimejitia kitanzi mwenyewe. Pawa saplai ya baba mkwe, lile sanduku zito la chuma linaloipa redio yake umeme, ilinguruma wiki nzima, sasa imenyamaza. Kwa redio hiyo huongea na rafiki yake wa nchi ya mbali kila Jumapili saa nne asubuhi. Miaka thelathini! Hawajawahi kuonana. Na Jumapili hii ndiyo ya mwisho: rafiki anahamia kwa binti yake, ghorofani, ambako antena hairuhusiwi. Mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu, akafungua mdomo. Nikamuwahi. Nikasema nitaitengeneza mimi, tena nitaiboresha. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikadhani ananipongeza.

Mwanyumba namwita Bwana Vipimo. Hapigi hatua bila kupima. Ukweni yeye huketishwa karibu na Baba, mimi hutumwa kuongeza viti. Imetosha.

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua sanduku. Vumbi, mende mkavu mmoja, na kapasita nne kuukuu, vile vikopo vya kutunza umeme, zilizovimba vichwa. Nimezing'oa zote. Kumbe zina upande wa kujumlisha na upande wa kutoa! Mke wangu akauliza kama nilichora zilivyokaa. Nikamwambia mchoro uko kichwani. Nimeutafuta humo kichwani mchana kutwa. Hamna kitu.

Jumatano, 6 Machi

Duka la vipuri. Muuzaji akauliza volti ngapi. Nikamwambia anipe zenye nguvu. Akanitazama kwa huruma, sijui kwa nini. Nimepata nne mpya, ndogondogo, za buluu, zinapendeza kweli. Nimezifunga kwa kukisia. Mbili nadhani ziko sawa.

Alhamisi, 7 Machi

Bwana Vipimo kapita, eti kusalimia. Nani kamwita? Katoa mfukoni balbu ya zamani, ile ya waya ndani, na soketi yake. Akasema nisithubutu kuchomeka sanduku ukutani moja kwa moja. Umeme upitie kwanza kwenye balbu, halafu niitazame. Alipotaka kueleza niitazameje, nikamkata kauli: ndugu yangu, kutazama balbu najua tangu utotoni. Akaiacha mezani, akaenda zake. Nimemweza!

Ijumaa, 8 Machi

Nimechomeka. Balbu imewaka! Imeangaza chumba kizima! Umeme tele! Nimempigia Baba kumwambia kazi imekwisha. Akaniita mwanangu. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, hajawahi kuniita mwanangu. Basi, balbu imemaliza kazi yake. Naitoa, nachomeka ukutani.

Ijumaa, dakika kumi baadaye

Mlipuko. Moshi. Vipande vya kapasita mpaka kwenye nywele. Mke wangu kampigia Bwana Vipimo, na simu kaiweka sauti kubwa ili nisikie. Naye akaeleza, taratibu, bila kunicheka: balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, ni salama. Ikiwaka sana, ndani kuna shoti. Nani alibuni balbu ambayo kuwaka kwake ni msiba? Transfoma imeungua. Nimekaa sakafuni. Uso nitauweka wapi?

Jumamosi, 9 Machi

Nimesema naumwa. Kweli naumwa. Mke wangu kaenda mwenyewe kumwambia Baba. Anasema mzee hakufoka. Aliuliza tu kama rafiki yake anaweza kupigiwa simu, kisha akakumbuka kwamba hawajawahi kupeana namba, wala anwani. Walikuwa na redio. Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia.

Jumapili, 10 Machi

Bwana Vipimo kaja na pawa saplai yake. Akapima. Akapima tena! Saa nne na dakika sita redio ikaamka, na katikati ya mikwaruzo sauti ya yule rafiki ikawa inaita, inanyamaza, inaita tena. Ilikuwa inaita muda wote huo. Baba alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaitika. Waliongea robo saa tu, kuhusu mvua na magoti. Wakapeana anwani. Rafiki akauliza kilichomchelewesha. Baba akasema mkwe wake mmoja kateketeza pawa saplai. Wakacheka mpaka wakakohoa. Wakaagana. Baba hakuizima redio, akabaki anasikiliza mikwaruzo. Mimi nilikuwa mlangoni na viti viwili mikononi. Hakuna aliyevihitaji.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefikiri sana. Nimetajwa hewani, mpaka ng'ambo! Bwana Vipimo hakutajwa hata kidogo. Tena kuna habari: rafiki ameahidi kumtumia Baba redio yake pamoja na pawa saplai, nayo inanguruma. Nimeshamwandikia Baba ujumbe kwamba niachiwe mimi. Hajajibu, bila shaka anatafuta maneno. Kosa langu nimelijua: balbu ilikuwa ndogo. Leo nimenunua kubwa mara mbili. Nimeijaribu ukutani. Inawaka vizuri sana.