Wapangaji wa Kijito

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mwalimu mkuu kasema wageni wa mazingira watakuja Ijumaa. Wakikuta kijito cha nyuma ya shule kimekufa, kipindi cha Klabu ya Kijito atapewa mwalimu wa kwaya. Huyo keshaleta kinanda. Klabu aliianzisha marehemu mke wangu. Sikitoi kipindi, ng'o!

Jumanne, 4 Machi
Tumefunua mawe na wanafunzi. Hakuna hata kidudu. Marehemu alifundisha kwamba vidudu vyenye mikia mitatu huishi kwenye maji safi tu. Alikuwa akirudisha jiwe taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka. Mwalimu wa kwaya akapita, akauliza kama siku hizi klabu yangu ni ya mawe. Nikacheka. Kwa meno tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa! Nimepanda na ndoo hadi kwenye chemchemi ya kijito, kule juu. Vidudu tele! Nimerudi suruali imelowa mpaka kiunoni. Mdogo wa marehemu, anayekaa nami, akasema, shemeji, unahamisha wapangaji na nyumba hujaikagua. Ukoo ule una midomo!

Alhamisi, 6 Machi
Jioni nimewapanga wapangaji wangu chini ya mawe, kimoja kimoja. Kila jiwe nimelirudisha taratibu. Angefurahi.

Ijumaa, 7 Machi
Vidudu vyote vimeelea chali, mbele ya wageni! Mwalimu wa kwaya akakohoa kwa raha. Ndipo kiranja wa klabu, binti asiyejua kunyamaza, akasema kuna kitu kimeviua, tukitafute. Wanafunzi wakaona povu majini, wakalifuata kwenda juu, wageni nyuma yao. Povu likatufikisha kwenye bomba. Bomba likapanda ukingo hadi bafuni kwangu, kwenye nyumba ya mwalimu hapo juu ya shule. Ardhi, pasuka! Shemeji alikuwa anafua. Akawakaribisha ndani.

Ajabu, wageni wakapiga makofi. Wakasema hivi ndivyo watoto wanavyofundishwa kulinda maji. Kipindi kimebaki! Mwalimu mkuu akaniagiza nilishughulikie lile bomba.

Jumapili, 9 Machi
Nimelishughulikia. Nimeliunga kipande kirefu, sasa linamwaga kule chini, darajani, ukishapita mahali tunapokagua vidudu. Kijito kitang'aa! Shemeji akauliza, na watu wa huko chini je? Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Huko chini kuna shule nyingine, nao wana mwalimu wao.