Fungate Nisiyoiomba Katika Nchi Tano

Nassir, mjukuu wa Bi Biubwa,
Ghorofa ya tisa (lifti imekufa, usije na viatu virefu),
Berea, Johannesburg.
Novemba.

Kwa Mama Jeanne,
Mkurugenzi, Katibu na Mpishi Mkuu,
Safari za Pamoja za Mama Jeanne,
Berea, ng'ambo ya barabara.

Mheshimiwa Mama Mkurugenzi,

YAH: MCHUMBA ALIYEPOTELEA MIKONONI MWA KAMPUNI YAKO

Shikamoo Mama. Najua kwenu Kongo salamu hii haitumiki sana, lakini ipokee tu, haina ushuru.

Kabla sijalalamika ni vyema ujue unalalamikiwa na nani. Mimi Nassir ndiye kijana mzuri kuliko wote waliowahi kuvuka mto Limpopo, na hili silisemi peke yangu, nalisema pamoja na kioo. Zile taa za barabarani tunazoziita robot, pale mtaa wa Claim, zikiniona nakuja hubaki nyekundu ili zinitazame vizuri. Shule nimesoma hadi darasa la saba na nusu, na akili zangu zote ziko kwenye hiyo nusu. Ndiyo ninayoitumia kuandika barua hii.

Sasa Mama, kijana wa namna hii akiondoka Johannesburg bila mchumba na akarudi bila mchumba, watu watasema anachagua. Lakini akiondoka mchumba yuko kiti cha mbele yake ndani ya basi, shingo yake anaiona, mafuta ya nywele anayanusa, kisha akarudi na mabegi ya nyanya yake Bi Biubwa tu, hapo kampuni lazima ijieleze. Mchumba mwenyewe unamjua. Ni Victoire, msusi wa saluni ya chini ya ghorofa lenu, mdogo wake Gustave fundi cherehani. Safari yako ya Balkani niliingia kwa ajili yake. Bi Biubwa, mama yake mama yangu, alidhani nimekuja kumbebea mizigo. Nikamwacha adhani, maana nauli ilikuwa yake.

Nayapanga malalamiko kwa namba, ili Emery mwanao asije akasema hakuelewa.

1. Majani. Ulitutangazia kwamba tutaona majani ya Balkani yakibadilika rangi. Mama, tuliondoka hapa mwezi wa Oktoba, jakaranda zimechanua, mji mzima zambarau, barabara zimetandikwa maua mpaka teksi zinateleza. Tukayaacha hayo, tukapanda ndege kwenda kutazama miti inayonyauka! Kule Serbia watu wazima walisimama bustanini wakipiga picha takataka za mti, mimi natafuta fagio. Kwetu Tanga jani likianguka uani, mwenye nyumba anauliza zamu ya kufagia ni ya nani. Victoire akasema jani moja jekundu, lililobaki juu kabisa, ni zuri. Nikapanda kumchumia. Mlinzi wa bustani akanishusha kwa filimbi, mbele yake, kama paka. Kosa la kampuni ni kutuonyesha kitu kizuri bila kutuombea ruhusa ya kukichuma.

2. Emery. Hapa ndipo penye donda. Mama, wewe umelelewa ukaleleka, unajua kwamba mjukuu na nyanya yake ni watani. Tangu nipate akili Bi Biubwa ananiita mume wangu, nami namwita mke wangu. Nikichelewa kurudi ananiuliza nimelala kwa mke mwenza gani. Chai ikikosa sukari namtishia talaka, na yeye ananiambia nitangulize kurudisha ujana wake. Watu tunaishi hivyo na hakuna aliyewahi kupelekwa kwa kadhi. Lakini Emery wako kazaliwa hapa Johannesburg. Kiswahili anakisikia, hakisemi. Ukimwamkia anakujibu "sharp" na kidole gumba juu. Nyanya zake wako Kongo, anawaona kwenye simu, na kwenye simu huwezi kutaniana, mtandao unakata kabla ya kicheko.

Huyo ndiye uliyempa kazi ya kututafsiria kwa Goran, yule mwongozaji wetu wa kule, mrefu kama nguzo ya umeme. Tumetua Belgrade, Bi Biubwa anaita mbele ya kadamnasi, "Mume wangu, nibebee mkoba, mgongo wa mkeo umekufa ganzi!" Nami nikajibu kama ninavyojibu siku zote, "Mke wangu, siku ya ndoa uliniambia u mzima." Emery akatutazama, akamtafsiria Goran kwa Kiingereza, neno kwa neno. Goran akavua kofia. Sijui alimvulia Bi Biubwa au alinivulia mimi kama mtu aliyefiwa.

3. Vyumba. Kwa kuwa mwanao ana moyo mwema, na hili sikatai, alipiga simu mbele katika hoteli zote za nchi zote tano akasema kuna maharusi. Nikafungua mlango Belgrade, nakuta kitanda kimoja, maua ya waridi yamemwagwa juu, na mataulo mawili yamekunjwa kama bata wanabusiana. Bi Biubwa akawatenganisha wale bata, akajifutia uso kwa mmoja, akalala juu ya waridi akikoroma. Mimi nililala ndani ya beseni la kuogea, nimejikunja kama ndizi. Montenegro walituwekea mishumaa chumba kizima. Bi Biubwa akasikitika, akasema kumbe na huku umeme unakatika kama Berea.

Nilimsihi awaeleze ukweli. Akanijibu kwamba tangu babu yangu afariki hakuna mtu aliyemwekea ua kitandani, na kwamba yeye anatazama tamthilia za Kituruki kila siku ya Mungu akingoja zamu yake, basi hatayapangusa maua yake kwa ajili ya wivu wangu. Nikachukua mto nikarudi kwenye beseni.

4. Pongezi za Sarajevo. Tulisali Alasiri kwenye msikiti mmoja mzuri sana, wa mawe, na nilipotoka nikakuta Goran keshawahadithia wazee waliokaa uani. Wakanipanga katikati. Mmoja akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Mwingine akanivisha mikononi soksi za sufu, akidhani pengine ni baridi inayonitetemesha. Wa tatu akanivuta pembeni akamwomba Emery, kupitia Goran, aniulize ni asali gani ninayokula. Nikasema mimi ni mjukuu! Emery akatafsiri, nao wakacheka, wakasema ndiyo, mapenzi humfanya mtu ajione mtoto.

Victoire alikuwa kwenye mkahawa wa jirani na kikombe cha ile kahawa yao yenye matope chini. Alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Watu wa kundi wakadhani anafurahi. Lakini mimi ni mtaalamu, Mama. Kicheko cha mwanamke aliyevunjika moyo kinafanana sana na kicheko cha kawaida. Tofauti yake tunaiona sisi tuliosomea.

5. Daraja la Mostar. Kuna daraja la mawe limepinda kama mgongo wa ngamia, na vijana wa pale hujirusha mtoni kutoka juu. Nikamwambia Victoire kwamba hilo kwangu ni kama kushuka ngazi za kwetu, tena zile zenye taa. Nikavua koti. Nikavua shati. Nilikuwa nimebakiza kumwomba Mungu tu, pale Bi Biubwa alipopiga ukelele, "Jamani mume wangu asife, nani atanibebea mkoba?" Emery akatafsiri. Watalii wa Kijapani, ambao hatukuja nao wala hatuwajui, wakanishika miguu, watu kumi kwa mkupuo. Nikavishwa shati kinyumenyume mbele ya msichana ninayemtaka. Nasisitiza kwamba ningeruka. Aliyenizuia ni kampuni yako kupitia mfasiri wake. Kwamba nilikuwa nimeshika ukuta kwa mikono miwili ni kwa ajili ya kupata mwendo.

6. Mipaka. Ni mingi mno, na kila mmoja una mtu anayeuliza huyu ni nani wako. Yule wa Albania aliposikia jibu la Emery alinipigia saluti.

7. Keki. Hili ndilo lililoua mambo. Ohrid, Masedonia Kaskazini, ziwani, siku ya mwisho, Goran akatuletea keki ya maharusi yenye vikaragosi viwili juu, kimoja kirefu kimoja kimeinama. Akaomba msichana mmoja awakatie maharusi. Ikaangukia kwa Victoire! Mama, fikiria. Mkono ninaoutaka umeshika kisu, unanikatia keki ya ndoa yangu na nyanya yangu, unanilisha, unamlisha na Bi Biubwa, na watu wanapiga vigelegele vya kila kabila. Bi Biubwa akamwambia, "Ahsante mke mwenzangu." Tukaingia kwenye basi. Tangu hapo Victoire hajanitazama usoni, hadi tukashuka hapa nyumbani, na sasa nikipita saluni anageuka anasuka ukuta.

Kutokana na hayo, hesabu ni nyepesi hata kwa mtu wa darasa la tano. Mwanamume anayejulikana katika nchi tano kuwa ana mke hawezi kwenda kuposa katika nchi ya sita. Ndoa hiyo mimi sikuifunga, aliifunga kampuni. Basi kuivunja ni kazi ya kampuni. Na kwa kuwa kampuni ndiyo iliyonioza, kampuni sasa ndiyo wazazi wangu, na wazazi wana wajibu wa kumtafutia kijana wao mke mwingine wa rika lake. Huwezi kupinga hilo, Mama, nimelizunguka pande zote. Naomba yafuatayo:

Kwanza, Jumapili, kanisani kwenu, baada ya matangazo ya kwaya, usimame useme kwamba Nassir hana mke, hajawahi kuwa na mke, na ana meno yote. Mimi ni Mwislamu, lakini tangazo ni tangazo.

Pili, uende kwa Gustave ukiwa mshenga wangu. Vaa kile kitenge cha kijani, ukivaa hicho hakuna anayekukatalia kitu.

Tatu, Emery aletwe kwetu wiki nzima atukanwe na Bi Biubwa kama mjukuu, ajifunze. Chakula atapewa. Akiitwa mume wangu asikimbie.

Nne, safari nzima irudiwe, majani yakiwa yamerudi mtini, Bi Biubwa akibaki hapa na tamthilia zake. Kiti cha mbele yangu akae yuleyule.

Yasipotekelezwa nitalipeleka suala hili mbele, ingawa mbele kwenyewe bado sijapajua. Nadhani ni kwa Gustave, na Gustave ana mkasi mkubwa, ndiyo maana naanzia kwako.

Nisalimie kwaya yote, sauti ya kwanza na ya pili. Wa sauti ya tatu wapunguze. Msalimie Emery, mwambie sina kinyongo naye, nina malalamiko tu. Bi Biubwa naye anakusalimu. Anauliza ile hoteli ya Montenegro kama wanapokea wajane wasio na mume.

Wako mtiifu, aliyeozwa bila kuulizwa,

Nassir

Nyongeza: Mama, hapa pa mwisho pasome peke yako, mlango ukiwa umefungwa.

Pale Ohrid, watu wakiwa bado wanajilamba vidole, Victoire aliniita kando ya maji. Akasema, "Nassir, miye nilijua tangu Belgrade ule ni nyanya yako. Kwetu Uvira babu alikuwaka ananiita muke wake, hata mahari alikuwaka anasema alilipa mbuzi. Nilicheka mpaka tumbo inauma. Sasa acha mchezo kidogo. Weye uko na neno ya kuniambia?"

Akangoja. Emery alikuwa mbali, Goran alikuwa mbali, na Bi Biubwa alikuwa amelala kwenye benchi. Hapakuwa na mtu wa kutafsiri vibaya. Alingoja vizuri tu, ameshika mikono nyuma, haninunii wala hanicheki, na neno nililokuwa nalo tangu tupande ndege lilikuwa hapahapa kooni.

Nikamwambia twende, basi litatuacha.

Basi lilikuwa limezima injini, Mama, na dereva ndiyo kwanza alikuwa anakatiwa kipande cha pili.