Ombi la Kusogeza Geti la Mtaa Wetu

Cédric Mushagalusa,
Nje ya geti, hatua mbili,
Observatory, Johannesburg.

Ndugu Mwenyekiti Mansour,

Natumaini barua hii itakukuta salama huko ndani. Mimi, mlinzi wenu kwa miaka kumi na mmoja, niko salama huku nje.

Jana kamati yako ya wakazi ilibandika sheria mpya: mtu wa nchi nyingine asipite geti hili bila kibali ambacho hakijaisha muda. Nimeipokea kwa moyo mmoja. Malalamiko yangu ni machache.

1. Kibali changu cha ukimbizi kimeisha muda. Nimeomba kipya kwenye mtandao, nikajibiwa nisubiri. Kwa hiyo leo asubuhi nilipofika kazini nilijiomba kibali, nikakikagua, nikajizuia. Kwenye daftari nimeandika: Cédric, saa kumi na mbili, amerudishwa. Nilijibembeleza sana lakini sikukubali.

2. Kifungo cha kufungulia geti kiko kibandani, na kibanda kiko ndani. Daktari wa nyumba namba sita ananipigia honi kama vile sheria niliitunga mimi. Wakazi hawajui hata kifungo kilipo, kwa kuwa siku zote nawabonyezea mimi.

3. Sheria haisemi mtu wa nchi nyingine anatambulikaje. Nikienda kwa lafudhi, wa kwanza kuzuiwa utakuwa wewe na Kiswahili chako cha Tanga, ingawa karatasi zako zimekamilika, na nakupongeza.

4. Nikikosa zamu tatu, kazi sina, na binti yangu Chloé yuko darasa la saba. Hili linaniuma, sitanii.

Naomba basi geti lisogezwe mita tatu kuelekea ndani, ili kibanda kiwe nje pamoja nami. Desemba kibali cha Clémentine, mpishi wa namba tisa, kitaisha. Tulisogeze tena, lipite namba tisa. Tukienda hivyo kwa uaminifu, mwakani ndani utabaki wewe na geti.

Wasalimie wanakamati wote, jirani zako, na mbwa wa daktari, ambaye hajaulizwa kitu.

Wako mtiifu, hapa barabarani,
Cédric

Nyongeza: Nikiwa nakunja barua, mama yako, Bi Zabibu, amefika kutoka sokoni, mvua inamnyeshea, mikono imejaa mboga. Nimemwomba kibali. Amesema kiliisha mwezi wa tatu, na kwamba wewe unajua. Nimeruka geti, nimeingia kibandani, nimebonyeza kifungo. Sasa tumo ndani sote wawili, na barua anakuletea yeye. Ukiamua kututoa, tafadhali anza na mama.