Kereng'ende Arudi Bila Mvua

Jumatatu, 3 Juni

Balaa. Balaa lililofungwa kwa karatasi ya kung'aa na utepe mwekundu.

Binti yetu Linet amerudi kutoka kazini Galu na zawadi. Yeye yuko mapokezi hotelini, na mgeni mmoja wa Kitaliano amemwachia diski. Filamu ya Kereng'ende! Ile yetu ya zamani! Imesafishwa, imetolewa upya ili watu waitazame majumbani mwao, na chini imewekewa maandishi ya Kiingereza. Mama yake amepiga vigelegele hadi chai ikamwagika. Mimi nimetabasamu kama mtu aliyekanyaga msumari mbele ya mama mkwe.

Niandike kwa utaratibu.

Zamani, nilipokuwa kijana mwembamba (ushahidi upo, picha moja), nilikuwa dobi katika hoteli fulani ya Diani. Mtalii akaondoka, akasahau kanda ya vidio chini ya mto. Filamu ya Kitaliano, iliyotokana na kitabu cha katuni cha kwao: jamaa mwenye mabawa manne na pikipiki. Nikaipeleka Msambweni, kwenye banda la vidio nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Mwenye banda akauliza nani anajua Kitaliano. Nikainua mkono. Nilikuwa ninajua kusema "habari za asubuhi" na "shuka safi".

Basi kila Jumamosi nikawa ninasimama kando ya televisheni na kipaza sauti, ninatafsiri. Shujaa nikamfanya mzaliwa wa Taru. Adui nikampa jina la msimamizi wetu wa chumba cha kufulia. Na yule mrembo wa darajani nikamwita Mutheu, kwa sababu benchi la mbele alikuwa akiketi msichana mwenye jina hilo, na ana kwa ana nilikuwa siwezi hata kumwambia habari yako.

Pale darajani Kereng'ende anamtazama mwanamke muda mrefu mno, midomo inacheza. Nikamtilia maneno: "Mutheu, kuruka ninajua, kupigana ninajua. Lakini nikirudi nyumbani sina mtu wa kuniuliza nimeshindaje."

Msichana wa benchi la mbele akainamisha kichwa. Mwaka uliofuata nikaenda kwa babake, mzee Musyoki, shambani Shimba Hills, na mbuzi watatu kama desturi yetu Wakamba inavyotaka.

Hadi leo, kila siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu, Mutheu huniambia nimrudie "yale maneno ya Kereng'ende". Na Jumamosi hii tunatimiza miaka ishirini na mitano. Linet ameshapanga: filamu itaonyeshwa uani petu, majirani wote waje.

Kereng'ende alisema nini hasa pale darajani? Sijui. Mungu wangu. Sijui!

Jumanne, 4 Juni

Sasa ninajua. Heri nisingalijua.

Nimeichukua diski kwa siri, nikafunga duka langu la udobi, nikaitazama nyuma ya rundo la mashuka. Picha safi kama sahani ya harusi. Darajani tumefika. Mwanamke anamtazama. Yeye anamtazama. Muziki. Machozi yananilenga mimi mwenyewe. Na chini, kwa herufi nyeupe, Kereng'ende anamwuliza ameuweka wapi ufunguo wa pikipiki.

Mwanamke anajibu kwamba ameusahau kwa daktari wa meno.

Ndoa yangu imejengwa juu ya ufunguo wa pikipiki!

Hatua imechukuliwa. Diski niliirudisha kwenye mashine mchana, asijue mtu; jioni nimeingia sebuleni wakati mama na binti wako jikoni, nikachomoa diski kwenye mashine, nikaisugua kwa nyuzi za chuma za kuoshea sufuria. Kazi ya kitaalamu, nyuma yote. Nikairudisha, nikaketi, nikafungua gazeti.

Baada ya chakula Mutheu amewasha mashine. Kumbe Linet alishaitoa Kereng'ende. Niliyoisugua ni ya kwaya ya kanisa, ambayo ndani yake mama Linet anaimba peke yake beti mbili nzima. Sasa anakwama kwenye neno "njooni" kama mwenye kwikwi. Ameniuliza kama ninadhani ni panya. Nimesema kuna panya wa ajabu siku hizi.

Jumatano, 5 Juni

Mambo yamenitoka mkononi. Linet alimpelekea diski Austine, yule fundi wa kompyuta, aijaribu. Austine amenakili, akampa rafiki, rafiki akampa jirani. Nusu ya mji wetu wa Ukunda imeshaitazama. Kundi letu la WhatsApp la Wazee wa Banda la Msambweni, ambalo kwa kawaida ni la maombi na matangazo ya mazishi, limewaka moto.

Kambi ya kwanza inaongozwa na Rai, kinyozi, jirani yangu wa duka na adui yangu wa bao. Anasema hii ndiyo filamu yenyewe, kila kitu kiko wazi, hakuna mtu wa kupigia watu kelele masikioni. Anasema tangu ujana wake amemnunia yule msimamizi wa kufulia, akikutana naye sokoni hata salamu hamwitikii vizuri, kwa sababu ya mabaya aliyomtendea Kereng'ende. Sasa amegundua maskini mtu wa watu hahusiki! Adui wa kweli ni daktari fulani.

Kambi ya pili ni ya Mwanatumu, muuza viazi karai. Sauti yake iliyorekodiwa imesikika hadi barabarani. Anauliza yuko wapi mamake Kereng'ende, yule aliyeuza ng'ombe wake Taru ili mtoto anunuliwe mabawa? Yeye alilia kitambaa kizima kwa ajili ya yule mama. Kwenye diski hayumo! Pale alipokuwa mama pana karani wa benki anakohoa. "Wamemtoa mama wa watu," amesema. "Hawa hawana wazazi?"

Mama wa Taru nilimzaa mimi.

Jambo moja tu kambi zote mbili zimelilalamikia: mvua. Kila mtu anakumbuka pigano la mwisho juu ya paa, mvua ikinyesha, joho la kijivu limelowa. Kwenye diski jua linawaka. Na joho ni la waridi! Rai ameandika kwamba huenda Wataliano wameifuta mvua kwa kompyuta ili kupunguza huzuni. Austine, kijana mwenye heshima, ameandika shikamooni wazee, kisha akaeleza kuwa mvua haikuwapo tangu mwanzo. Ilikuwa mikwaruzo ya kanda yetu. Kanda iliyochakaa hunyesha vile.

Kundi zima limefiwa. Hata mimi. Ninaisikia hadi sasa ile mvua, na harufu ya banda, mafuta ya taa na jasho na njugu za kukaanga. Kumbe tulikuwa tukilowa bure.

Jioni Rai amenichungulia dukani, amejaa povu la sabuni mikononi. Amesema amefika darajani. Amesema hatamwambia Mutheu neno, wallahi, kwa sababu anataka kuuona uso wangu siku yenyewe, bure, na viazi karai mkononi.

Alhamisi, 6 Juni

Kura imepigwa kundini. Kambi ya Mwanatumu imeshinda: Jumamosi sauti ya filamu itazimwa, na Masila, ndiye mimi, atashika kipaza sauti kama zamani. Ushindi! Nimecheza kidogo nyuma ya meza ya pasi.

Kisha Rai akaweka sharti. Maandishi yabaki. Watu wa maandishi nao wana haki zao, kila mtu atumie anachopenda. Wote wakaweka vidole gumba. Wanafiki.

Nimekuna kichwa hadi saa ya chai. Halafu fikra ikanijia, na sioni haya kusema ni fikra ya mtu mkubwa. Maandishi hukaa chini. Nikining'iniza leso ya kujitanda sehemu ya chini ya picha, maandishi yamekwisha! Nitasema ni pambo la ndoa. Nani atakataa pambo?

Nimejaribu kwenye televisheni ya dukani. Leso ya rangi ya damu ya mzee, nzito, mpya. Nikaitundika. Herufi hata moja haionekani. Nimekaa nikaitazama dakika nzima kwa mapenzi. Leso yenyewe ni ya mteja, imeletwa kupigwa pasi, lakini ataipata Jumatatu ikiwa imenyooka.

Mutheu ameniuliza mbona ninaimba.

Jumamosi, 8 Juni

Ninaandika nikiwa na taulo kichwani.

Watu walijaa uani, wengine juu ya ndoo zilizofudikizwa. Kanisa lilikuja, kina Rai wakaja baada ya swala ya Magharibi, wamevaa kanzu safi. Mutheu alikuwa na gauni la kitenge alilolificha wiki nzima. Aliketi mbele kabisa.

Televisheni sikuiona. Nikauliza iko wapi. Linet akasema amenifanyia mshangao, siku kama hii si ya televisheni: Austine ameleta projekta, na shuka limeshatundikwa ukutani. Nikatundika leso yangu palepale chini ya shuka, nikamshukuru Mungu kwa kunijalia akili.

Ndugu zangu, projekta si televisheni. Televisheni inatoa picha nyuma ya leso. Projekta inaimwaga picha juu ya leso! Herufi zikaja zikatua kwenye kitambaa kile cha rangi iliyokolea, nyeupe, nene, zinasomeka kuliko zilivyosomeka kwenye diski. Rai alisema kwa sauti ya kushukuru kwamba Masila amewafikiria hata wenye macho mabovu. Mwanatumu akasema leso ile anaifahamu. Ni yake.

Nilishika kipaza sauti nikasonga mbele. Nini tena? Nikamzaa upya mama wa Taru, ng'ombe wakauzwa, Mwanatumu akalia na kunisamehe leso. Nusu ya watu walikuwa wakinisikiliza, nusu wakisoma na kucheka mahali pasipo pa kucheka. Kisha daraja likatokea.

Kereng'ende akamtazama. Nikafumba macho, nikayasema yote, hadi nimeshindaje.

Nilipofumbua, leso ilikuwa ikiuliza kuhusu ufunguo wa pikipiki. Kubwa kama bango la duka.

Rai akaanza kucheka, akafuata Austine, kisha kanisa lote likaanguka kwa kicheko, ndoo zikapinduka. Mimi nilimtazama mtu mmoja tu. Mutheu aliinuka polepole, akageuka, akawangoja watulie.

Akawauliza wanacheka nini. Akasema yeye alijua tangu Jumamosi ya kwanza. Kabla ya kunijua alikuwa yaya Galu kwa familia ya Kitaliano, na bibi wa nyumba ile alikuwa akipoteza ufunguo asubuhi, mchana na jioni. Kiave, kiave, kutwa nzima, neno lilimwingia hata ndotoni. Akamsikia Kereng'ende akitafuta kiave, akamsikia dobi wa Diani akisema mambo mengine kabisa.

"Sasa, Baba Linet," akasema, "Kereng'ende nimfuate ya nini? Nilikuwa ninarudi kila Jumamosi nisikie wewe utaniambia nini."

Ndoa ya miaka ishirini na mitano! Nilijua alikuwa yaya kwa Wazungu. Sikuwahi kuuliza Wazungu wa wapi.

Nilishusha mkono. Kipaza sauti kililia peke yake, fiii. Rai alitazama kiazi chake, akasahau hata kuutazama uso wangu aliouhesabia siku tatu.

Filamu ilikuwa ikiendelea bila mtu kuijali, imefika kwenye paa, joho la waridi, jua la Italia. Hapo ndipo tone likaniangukia puani. Kisha jingine. Kisha mbingu ya Ukunda ikafunguka yote. Austine alirukia projekta kwa mwavuli, Linet akapiga kelele watu waingie ndani. Hakuna aliyeingia. Mvua ilikatiza kwenye mwanga kwa mistari mirefu myeupe, ikapita juu ya paa, juu ya joho, na shuka lilipolowa joho likafifia likawa la kijivu.

"Imerudi!" Mwanatumu akapiga ukelele. "Mvua yetu imerudi!"

Rai alikuwa wa kwanza kusimama. Kinyozi mzima, kanzu imemgandama, anampigia makofi Kereng'ende, na wa sauti na wa maandishi wakawa kitu kimoja, wazee wazima tumelowa chapachapa, tunapiga miluzi kama vijana wa banda. Mutheu akaja akasimama kando yangu. Akaniuliza nimeshindaje.

Nikamwambia vizuri.

Jumatatu, 10 Juni

Leso nimemrudishia mwenyewe. Diski ya kwaya nimekiri ni mimi wala si panya. Mutheu amesema hilo pia alijua, panya hawasugui kwa duara. Nimeapa mbele yake: hila basi. Mtu mzima, nywele zimeingia mvi, ukweli tu tangu leo.

Saa nne Linet amepiga simu. Mgeni mwingine ameacha diski chumbani. Katuni pia, mwanamke mwenye nguvu za umeme. Ya Kikorea. Haina maandishi ya lugha yoyote.

Kundi limechangamka. Rai mwenyewe ameandika, eti kwa ajili ya amani ya nchi: wazee, nani kati yetu anajua Kikorea?

Nimeuliza kwanza. Nimekwenda jikoni nikamwuliza Mutheu, polepole, kama mtu anayeuliza habari za chumvi, kama aliwahi kuwa yaya kwa Wakorea. Amesema hapana. Ana hakika? Ana hakika.

Nikarudi dukani, nikachukua simu, nikainua mkono.